Somo la Kiswahili linalowakinga vijana na mitego ya mtandaoni

KENGELE ya saa nne imelia katika shule moja pembezoni mwa mji wa Kitale. Katika darasa hili la Gredi ya 9 hamna hata kompyuta moja. Kuna ubao, chaki, na madawati yanayokaliwa na wanafunzi watatu watatu. Mwalimu wa Kiswahili anaandika ubaoni maneno sita ambayo Wakenya wengi wenye simu wamewahi kuyapokea: "Ile pesa tuma kwa hii namba."

Darasa zima linaangua kicheko. Kila mmoja ana kisa cha mjomba, shangazi au jirani aliyetumiwa ujumbe huo. Mwalimu anawaacha wacheke, kisha anauliza: katika maneno haya sita, ni lipi linalofanya kazi ya utapeli?

Wengi wanasema ni "pesa". Wengine wanasema ni "tuma". Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha anainua mkono na kusema ni "ile". Hapo kicheko kinakoma.

Naam, ni "ile". Kiashiria hicho hutumika kwa jambo ambalo msemaji na msikilizaji wanalijua tayari. Tapeli hajui lolote kuhusu pesa za mtu yeyote. Anautupa ujumbe wake kwa watu wengi, akijua kwamba miongoni mwao hatakosekana aliyekuwa akijiandaa siku hiyo kulipa karo, kodi ya nyumba au deni. Huyo ndiye atakayelipa neno "ile" maana yake, kisha atume.

Nilifika Kitale, na wiki moja baadaye nikashuka hadi Bungoma kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, nikiwa na swali linalowasumbua wazazi wengi. Watoto wetu wako kwenye intaneti. Nani atawafundisha kujilinda huko? Nilidhani jibu ningelipata kwa mwalimu wa kompyuta. Nililipata kwa mwalimu wa lugha.

Chambo cha maneno

Wahenga walisema mtego bila chambo haunasi. Mtandaoni chambo huwa ni maneno. Anayetaka picha ya mtoto, pesa zake au namba yake ya siri hana budi kwanza amwandikie. Ndiyo maana mwalimu huyu wa Kitale haoni ajabu kuutumia ujumbe wa simu kama kifungu cha ufahamu.

Baada ya ule wa pesa, aliandika ujumbe wa pili ambao aliutunga mwenyewe kwa kufuata mbinu zinazojulikana za watu wanaowawinda vijana:

"Mulembe mrembo. Wewe si kama wenzako, una akili ya mtu mzima. Ukinipenda kweli nitumie picha yako sasa hivi. Usimwambie mama, hii ni siri yetu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wanafunzi waligawanywa katika makundi, kila kundi likapewa kipande chake cha kuchambua.

Kundi la kwanza lilishughulikia salamu. "Mulembe" ni salamu ya amani ya Waluhya, nayo husikika kila siku Bungoma na Trans Nzoia. Mgeni anayeitumia hujifanya mtu wa nyumbani kabla hata ya kutaja jina lake. Wanafunzi walikubaliana kwamba salamu ya kwao si kitambulisho, kwa kuwa yeyote anaweza kujifunza neno moja.

Kundi la pili lilichukua sifa. "Wewe si kama wenzako" linasikika kama pongezi, lakini kazi yake ni kumtenga mtoto na marafiki ambao wangeweza kumwonya.

Kundi la tatu lilikumbana na kiambishi "ki" cha masharti. "Ukinipenda" inayageuza mapenzi kuwa deni linalolipwa kwa picha. Papo hapo likaona kielezi cha wakati, "sasa hivi", ambacho kinamnyima mtu nafasi ya kufikiri. Jambo la heri halikosi kungoja hadi kesho.

Kundi la mwisho lilipewa sentensi iliyo hatari kuliko zote. "Usimwambie mama" ni amri ya kukataza. Nalo neno "yetu" ni kimilikishi kinachomfanya mtoto awe mshirika katika jambo ambalo hakulianzisha. Mwandishi wa ujumbe ndiye mwenye siri, lakini mzigo anambebesha mtoto.

Mwishoni wanafunzi walitakiwa kuandika ilani ya kuwaonya wadogo zao, jambo ambalo limo katika uandishi wa kawaida wa Kiswahili shuleni. Wengi waliianza kwa methali ile ile: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Barua za Bungoma

Bungoma nilikuta somo lililofika mbali zaidi. Katika shule moja ya wasichana, mwalimu wa Kidato cha Tatu alikuwa amewapa wanafunzi wake zoezi la barua ya kirafiki. Kila mmoja ajifanye amenaswa: ametuma picha kwa mtu asiyemjua vyema, na sasa mtu huyo anatishia kuisambaza asipolipwa. Amwandikie mzazi wake amweleze.

Mwalimu huyo alitarajia kusahihisha tahajia na muundo wa barua. Badala yake alijikuta akihesabu jambo jingine. Barua nyingi zilianza kwa ombi la kutopigwa. Nyingine zilimsihi mama asimweleze baba. Kadhaa hazikumwandikia mzazi kabisa, bali shangazi, dada au nyanya. Na mwanafunzi mmoja alileta karatasi isiyo na chochote ila anwani na "Mpendwa Mama".

Mwalimu aliketi na mwanafunzi huyo faraghani, akiwa na mshauri wa shule. Yaliyosemwa hapo hayanihusu mimi wala wewe msomaji. Kinachotuhusu ni kwamba karatasi ile ilifungua mlango ambao hotuba yoyote ya gwarideni isingeufungua.

Kisa hiki kinalingana na yaliyokwisha kuonekana nchini. Utafiti kuhusu Kenya uliochapishwa mwaka 2021 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulionyesha kwamba asilimia 67 ya watoto wa umri wa miaka 12 hadi 17 hutumia intaneti. Kati ya asilimia 5 na 13 ya watumiaji hao walikuwa wamepatwa na dhuluma nzito za kingono zinazohusu mtandao katika muda wa mwaka mmoja. Isitoshe, anayewadhulumu mara nyingi ni mtu wanayemjua, wala si mgeni wa mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria iko upande wa mtoto

Wengi hawajui kwamba sheria zipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mwingine kwa faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inatambua dhuluma za mtandaoni dhidi ya mtoto kuwa kosa.

Hata shule hazikusazwa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za mtoto haziwezi kutumiwa bila idhini ya mzazi au mlezi wake. Mnamo Septemba 2023, shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Mzazi anayeweka picha ya mwanawe akiwa na sare na jina la shule ajiulize anamrahisishia nani kazi.

Aidha, majukwaa makubwa kama Facebook, Instagram na TikTok yameweka umri wa miaka 13 kuwa wa chini kabisa wa kujiunga. Mzazi anayemdanganyia mtoto wa miaka 10 umri wake anamfundisha uongo wa kwanza mtandaoni.

Mtoto akinaswa afanyeje? Asilipe, kwani anayelipwa mara moja hurudi kudai tena. Asiendelee kujibizana na mtu huyo. Asifute ujumbe, kwa sababu huo ndio ushahidi. Apige picha ya skrini, kisha amfungie mtu huyo asiweze kumwandikia tena. Halafu amwambie mtu mzima anayemwamini, na kesi ifikishwe polisi. Namba 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Mzazi asome barua yake

Lakini yote hayo yanategemea mtoto kufungua kinywa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na watoto wetu huficha kwa kuwa sisi tumewafundisha kuficha. Mtoto akisema kweli, jambo la kwanza tunalofanya ni kumnyang'anya simu na kutafuta fimbo. Siku nyingine atanyamaza, na aliyemwandikia "hii ni siri yetu" atakuwa ameshinda.

Katika mkutano wa wazazi, mwalimu wa Bungoma aliomba ruhusa ya wanafunzi, akasoma mistari michache ya barua zile bila kutaja majina. Ukumbi ulinyamaza. Kila mzazi alikuwa akijiuliza kama mstari huo ni wa mwanawe. Kisha mwalimu aliwapa wazazi karatasi na kalamu, akawaomba waandike jibu.

Baba mmoja alikaa kwa muda mrefu bila kuandika. Hatimaye aliandika sentensi moja tu, akaikunja na kumpa mwalimu aipeleke bwenini. Ilisema: "Njoo uniambie, sitakupiga."