Kazi Kariakoo, Kitanda Mabwepande
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza nilimtaja John Kain, mchumi wa Marekani aliyeandika mwaka 1968 kuhusu Chicago na Detroit. Viwanda vilikuwa vikihamia pembezoni mwa miji, huku Wamarekani weusi wakizuiwa kupanga au kununua nyumba huko. Wakabaki katikati, ambako ajira zilikuwa zikipungua. Hoja ya Kain ilikuwa nzito: mtu anaweza kuwa na nguvu, ujuzi na nia, akakosa kazi kwa sababu ya mahali anapolala.

Tukiileta hoja hiyo Dar es Salaam, ramani inageuka. Kwetu riziki ya mtu wa kipato cha chini imebaki ndani: Kariakoo, Feri, bandarini, na viwandani kandokando ya Barabara ya Nyerere. Anayeitegemea ndiye anayesukumwa nje.

Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa bahari hadi Oysterbay, Wahindi mjini na baadaye Upanga, Waafrika Kariakoo na Ilala, na kati ya Kariakoo na Uhindini pakaachwa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Ulikuwa ubaguzi wa wazi kabisa. Hata hivyo, kuli wa Kariakoo aliweza kwenda bandarini kwa miguu. Baada ya uhuru mji ulijitanua kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, na sensa ya 2022 ilihesabu mkoani watu 5,383,728. Anayetafuta kiwanja cha bei anayoimudu anakipata Chanika, Kivule, Bunju. Kazi haijamfuata huko.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mabwepande. Desemba 2011 mvua kubwa ililifurisha Bonde la Msimbazi, watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, zaidi ya kilomita 30 kutoka Kariakoo. Nia ilikuwa njema, kwani bondeni si mahali pa kulala na watoto. Lakini wengi hawakukaa. Wapo waliouza kiwanja na wapo waliokiacha, wakarudi kupanga vyumba kwenye maji yale yale. Wakaitwa wakaidi. Mimi naamini walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi.

Tumchukue mama anayekaanga samaki. Anapaswa kuwa soko la samaki la Feri alfajiri, mnada unapoanza, kabla wenye mitaji mikubwa hawajabeba mzigo mzuri. Akiwa anaishi Jangwani, kule bondeni, anafika kwa safari fupi, anarudi na ndoo yake, anawasha moto, na jioni wateja wanampitia wakitoka sokoni. Akiwa Mabwepande, inambidi atoke usiku wa manane, atafute usafiri hadi Bunju, kisha aunge hadi mjini. Wakati wa kurudi, konda anaitazama ile ndoo inayochuruzika maji na kudai nauli ya mzigo, au anamkataa kabisa. Na akifika salama atamuuzia nani? Jirani zake wamehamishwa kama yeye, na fedha yao ilikuwa inatoka Kariakoo kama yake.

Kibarua wa kiwandani naye ana lake. Asubuhi watu husimama getini, msimamizi anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Geti likifungwa, siku imekwisha. Anayetoka mbali akichelewa kwa foleni ametoka kapa, na nauli haimrudii. Mtu huyo hawezi kutafuta kazi kila siku, kwa kuwa kutafuta kwenyewe kunadai fedha ambayo ni mwenye kazi tu anayeipata. Atajaribu leo, atapumzika kesho akikusanya nauli, na mwisho atakaa kijiweni. Wapita njia watamwita mvivu. Linaniuma neno hilo likitupwa kwa kijana ambaye jana aliamka saa tisa usiku.

Wakazi wa Mbagala na Gongo la Mboto wanajua pia kugeuza na gari: unapanda daladala linalokwenda mwisho wa safari, unalipa nauli, ili upate siti litakapogeuka kurudi mjini. Mtu analipa mara mbili ili asifike kazini amechoka kabla hajaanza.

Serikali imejaribu kufupisha safari. Mwaka 2012 ilianzisha treni ya ndani ya jiji, ile watu waliyoiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, na mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kati ya Kimara na Kivukoni. Yote hayo ni ya maana. Lakini basi la haraka kwenye barabara kuu halimsaidii sana anayelipa bodaboda kufika kituoni, na kadiri huduma inavyokaribia, kodi ya chumba jirani na kituo inapanda.

Kwa hiyo nauli ni nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni nani anaruhusiwa kulala karibu. Magomeni Kota imetupa jibu moja. Wakazi wake waliondolewa, nyumba za zamani zikabomolewa, na baada ya miaka ya kusubiri maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022 yakachukua familia 644 papo hapo Magomeni, jirani na mwendokasi na karibu na Kariakoo. Familia 644 ni chache kwa jiji hili, na kusubiri kwao kulikuwa kurefu mno. Walichorudishiwa, hata hivyo, ni zaidi ya paa: ni umbali waliokuwa nao kutoka kwenye riziki zao.

Sasa Bonde la Msimbazi linaendelezwa, nyumba zimebomolewa na wenyewe wamelipwa fidia. Fidia hiyo huthamini hasa tofali, bati na ardhi. Fomu ya fidia imuulize pia mwenye nyumba anafanya kazi wapi na anafikaje huko. Na jibu lake liwe na thamani ya shilingi.

Sehemu ya tatu itahusu Soweto na sheria ya Afrika Kusini ya maeneo ya makundi ya mwaka 1950.