Mfadhili Hapigi Kura Gesima

Mkono mtupu haulambwi, walinena wahenga. Nakumbuka kampeni za 1992, kundi la Youth for KANU '92 lilipomimina fedha kutoka Nairobi hadi mashinani, hata noti ya shilingi 500 ikabandikwa jina la kiongozi wake, "Jirongo". Hata hivyo, Kitutu Masaba, eneo letu la Bunge, lilimchagua George Anyona wa Kenya Social Congress, chama kilichoambulia kiti hicho kimoja tu nchini.

Sheria ya 2013 ya kudhibiti fedha za kampeni ilisimamishwa kabla ya uchaguzi wa 2017. Basi, walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kuuliza: mfadhili asiyepiga kura Gesima atamdai nini mbunge wetu, na deni hilo litalipwa na nani?