Mkono Usiachwe Ukalala

Mgonjwa anapoketishwa kwenye kiti cha magurudumu, macho ya watu wote huenda miguuni. Leo naomba tuitazame mikono yake, kwa sababu tangu siku hiyo mikono ndiyo itakayosukuma kiti, kushika kijiko, kufunga vifungo na kumsitiri chooni.

Nazungumzia ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, ambao daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kinaganaga mwaka 1868. Mara nyingi hugunduliwa kwa watu wa miaka 20 hadi 40, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Katika nchi za joto kama zetu ni nadra kuliko Ulaya, ila wenye nao wapo. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe na kuharibu utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Chukua mfano wa waya wa umeme uliobanduka plastiki yake. Ujumbe kutoka ubongoni huchelewa njiani, au haufiki kabisa. Ndiyo maana kikombe humponyoka mtu ambaye mkono wake, ukiutazama, hauna hata mkwaruzo.

Kwa miaka mingi wagonjwa hawa waliambiwa wapumzike tu. Ushauri huo ulikuwa na chanzo chake. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuwa baadhi yao macho huingia ukungu baada ya kazi ya nguvu. Baadaye ikajulikana kuwa mchawi ni joto: mshipa uliobanduka hushindwa kupitisha ujumbe mwili ukipata moto, na hurejea hali yake mwili ukipoa. Lakini woga ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Mwaka 1996 Jack Petajan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 54. Waliopewa mazoezi walizungusha mashine kwa mikono na miguu, mara 3 kwa juma, kwa majuma 15. Pumzi yao iliongezeka, na nguvu za mikono na miguu pia.

Sasa hapa ndipo penye kiini. Udhaifu wa mkono wa mgonjwa huyu ni wa aina mbili zilizochanganyika. Upo ule wa mshipa ulioharibika, ambao mazoezi hayauzibi. Na upo ule wa kutotumika: mkono ulidondosha sahani mara mbili, mwenyewe akaona haya, akahamia mkono wa pili, na jamaa kwa huruma wakaanza kumlisha. Misuli ikasinyaa, na ubongo nao ukazoea kuusahau mkono ule. Huu wa pili ndio unaorudishika. Edward Taub wa Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Birmingham, aliwavika waliopooza upande mmoja glavu nene kwenye mkono mzima, ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Njia hiyo ikaja kujaribiwa kwa wagonjwa wetu hawa pia. Msiige nyumbani bila mtaalamu wa fiziotherapia, maana wengi wao mikono yote miwili ina kasoro.

Mengine yanawezekana nyumbani. Kupima mkono, hospitali hutumia kibao chenye matundu 9 na vijiti 9. Mgonjwa huvichomeka kimoja kimoja na kuvitoa, huku saa ikihesabu. Mtu mzima asiye na tatizo humaliza kwa sekunde 20 hivi. Nilipokisoma kibao hicho nikawaza bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64. Sina utafiti wa kuwaonyesha, ila kuokota kete na kuzigawa ni kazi ileile ya vidole, tena ina mshindani wa kukutania. Kuchambua mchele kunafaa, kumenya vitunguu vilevile, mradi kisu kiangaliwe kwa macho, kwani vidole vyenye ganzi havitoi taarifa. Sufuria ya moto mwachieni mwingine.

Afanye asubuhi kungali na ubaridi, kitambaa chenye maji shingoni, dakika chache, apumzike, arudie. Mazoezi ya kuongeza nguvu, kama kuinua kifuko cha mchanga, mwongozo wa Kanada wa mwaka 2013 unasema mara 2 kwa juma kwa wenye ulemavu mdogo au wa wastani. Mtetemo wa mkono usitarajiwe kuondoka kwa njia hii. Na mkono ukilegea upya, ukabaki hivyo zaidi ya saa 24, acheni bao, mpelekeni kwa daktari.