Fomu, Betri na Tume

Kenya ilikwenda kupiga kura mwaka 2013 ikiwa na tume mpya ya uchaguzi, IEBC, iliyoundwa 2011 chini ya Katiba ya 2010. Tume iliyosimamia uchaguzi wa 2007 ilikuwa imevunjwa baada ya ripoti ya Jaji Johann Kriegler kuhusu uchaguzi huo. Makamishna wapya, sheria mpya, mitambo mipya. Siku ilipofika, mashine za kuwatambua wapiga kura ziliishiwa betri katika madarasa ya kupigia kura yasiyo na umeme. Mfumo wa kutuma matokeo nao ukakwama, na fomu za matokeo zikabebwa mkononi hadi Bomas, Nairobi, kituo kikuu cha kujumlishia kura.

Bruno Latour na Michel Callon, wasomi wa Ufaransa walioijenga nadharia ya mtandao wa watendaji miaka ya 1980, wangeihesabu betri hiyo kuwa sehemu ya tume. Kwao mtendaji ni chochote kinachogeuza mwendo wa jambo: mtu, kifungu cha sheria, muhuri, mnara wa simu. Taasisi husimama maadamu hivi vyote vinashikamana, na kuvishikamanisha ni kazi ya kila siku.

Ndiyo maana naitazama Fomu 34A, fomu ya matokeo ya rais, zaidi ya ninavyomtazama mwenyekiti wa tume. Hujazwa kituoni, mawakala wa wagombea wakaitia saini, nakala ikabandikwa mlangoni. Juni 2017, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho. Hakuna kamishna aliyefukuzwa, lakini mamlaka yalitoka Bomas yakashuka mashinani. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais; hoja nzito zilihusu fomu zilizokosa alama za usalama, na seva ambazo tume haikuzifungua kama ilivyoamriwa.

Mwaka 2022 picha za fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, na yeyote aliyetaka alijumlisha mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo ya rais. Zamani hilo lingetosha kuiangusha hesabu yote. Safari hii karatasi zilikuwa mikononi mwa umma, na Mahakama ya Juu ikayathibitisha matokeo.

Kiungo dhaifu sasa ni wakala. Chama kisichoweza kumlipa mtu akeshe kituoni hadi kura ya mwisho ihesabiwe hakina saini yake kwenye fomu, na hakuna tovuti inayoliziba pengo hilo.