Kaske ya piloti na masikio ya muchimbaji: ile haiumize ndiyo inalinda

Watu wa Kalemie wanajua sauti ya ndege ndogo. Kwa kuwa barabara za jimbo ni mbaya, sana sana wakati wa mvua, ndege ndizo zinapeleka wagonjwa, dawa, wakubwa wa kazi na barua kwenda Manono, Moba, Kongolo ao Lubumbashi. Ukiangalia ndani ya kioo mbele ya ndege kuondoka, utaona kila mara kitu kile kile: piloti amevaa kaske kubwa ya masikio, na mikro kidogo mbele ya midomo.

Wengi wanafikiri kaske ile ni ya radio tu. Hapana. Iko na kazi mbili: kusikia tour de contrôle, na kulinda masikio juu ya makelele ya moteri na elisi. Mapiloti wanaichagua kwa uangalifu sawa vile mutu anachagua viatu vya safari ndefu. Namna yao ya kuchagua inaweza kumusaidia muchimbaji wa Manono, wa Nyunzu ao wa karieri yoyote, kwa sababu adui ni mumoja.

Makelele inapimwa namna gani

Makelele inapimwa kwa desibeli. Waganga wa kazi wanapatana juu ya mupaka huu: mutu anaweza kukaa mu makelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kisha hapo, kila mara desibeli zinaongezeka 3, wakati unakatwa nusu. Kwa 88 ni saa 4. Kwa 91, saa 2. Kwa 94, saa 1. Kwa 100, ni dakika 15 tu.

Sasa tulinganishe. Ndani ya ndege ndogo ya elisi, makelele iko mara mingi kati ya 85 na 100. Mashini ya hewa ya kutoboa mawe inaweza kupita 110, na hapo wakati wa usalama haufike hata dakika mbili. Muchimbaji mwenye kushika mashini ile asubuhi yote bila kitu mu masikio anapata makelele kuliko piloti. Lakini piloti ndiye mwenye kaske.

Kama huna chombo cha kupima, kuko njia rahisi. Simama metre moja na mwenzako. Ukilazimika kulalamika kwa nguvu ndipo akusikie, makelele imekwisha kupita 85.

Kuko watu wanasema: «Mimi nilishazoea.» Sikio halizoee. Ndani yake kuko seli ndogondogo zenye nywele, karibu 15 000 kwa kila sikio, na ndizo zinapokea sauti. Makelele ikiziua, haziote tena. Hakuna dawa wala operasyo ya kuzirudisha. Mutu anayesema amezoea makelele, mara mingi ni mutu ambaye seli zake zimeanza kufa.

Kutoka ndege za 1916 mpaka leo

Hapa kwetu ndege zilikuja mapema. Mwaka wa 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, Wabeljiji waliweka ndege za majini kwenye ziwa Tanganyika, karibu na mji wetu ambao waliuita Albertville, ili kushambulia meli ya Wadachi Graf von Götzen kule Kigoma. Meli ile ndiyo watu wanajua leo kwa jina la Liemba. Mumoja wa mapiloti, Aimé Behaeghe, alikufa kwa ugonjwa mwaka ule ule kule Niemba, kwenye njia ya treni. Wakati ule piloti alikaa wazi mu upepo, moteri karibu naye.

Kaske za kwanza za kulinda zilifuata njia rahisi: kikombe kigumu kinafunika sikio lote, mto laini unaziba pembeni, na chuma juu ya kichwa kinakamata pande mbili. Mpaka leo mapiloti wengi wanavaa kaske za namna ile, kama zile za rangi ya majani za sosiete David Clark ya Marekani. Haziitaji umeme. Zinazuia sana sauti kali, lakini mungurumo wa chini wa moteri unapenya kidogo.

Njia ya pili ni ya electronique. Paul Lueg, Mudachi, alipewa brevet kwa wazo hili Marekani mwaka wa 1936. Ili kulielewa, angalia ziwa letu. Wimbi moja likipanda mahali ambapo wimbi lingine linashuka, maji yanabaki sawa. Sauti pia ni wimbi. Mikro ndogo ndani ya kaske inasikia mungurumo, kisha kaske yenyewe inatoa wimbi la kinyume, na mungurumo unapunguka. Mwaka wa 1978 professeur Amar Bose alianza kufanya hesabu za kaske ya namna ile akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Mwaka wa 1986 kaske zake za majaribio zilivaliwa na mapiloti wawili wa ndege Voyager, ambao walizunguka dunia yote siku tisa bila kushuka. Mwaka wa 1989 kaske ile ilianza kuuzishwa kwa mapiloti.

Lakini bei ni kali. Kaske ya kawaida ya piloti inapatikana chini ya dola 500. Bose A30, ambayo ilitoka mwaka wa 2023, inapita dola 1 200.

Piloti anachagua namna gani

Kitu cha kwanza piloti anatafuta ni kuona kama ataweza kuivaa saa tatu, nne, bila kutamani kuitoa. Hesabu yake ni hii. Tuseme kaske inakata desibeli 30. Ukiivaa saa 8 zote, unapata 30. Ukiitoa kwa nusu ya wakati, ulinzi wako unaanguka mpaka 3 tu. Na ukiitoa dakika 48 peke yake katika saa 8, juu ya jasho ao maumivu, unabaki na karibu 10. Kaske ya bei kali ambayo inaumiza inaweza kulinda kidogo kuliko ile ya bei ndogo ambayo unasahau kama uko nayo.

Ndiyo maana piloti mwenye akili haivae dakika moja tu mu magazini na kulipa. Anaivaa nusu saa. Anasikiliza mahali pane. Juu ya kichwa: kuko mahali padogo panapoanza kuchoma? Pembeni ya masikio: inakamata vizuri, ao inafinya? Kwenye utaya: akifungua kinywa na kusema, mto unaachana na ngozi? Na lineti: miguu ya lineti ikiinua mto, makelele inaingia kupitia ule mwanya. Lineti zenye miguu membamba na mito laini zinasaidia.

Kisha anaangalia uzito, fishi kama zinaingia kwenye ndege yake, kwa kuwa fishi za elikopta si sawa na za ndege ndogo, na majiwe ya umeme. Kaske ya electronique ikikwisha majiwe, inabaki tu na ulinzi wa kikombe na mito. Kwa hiyo hata sehemu ile inapashwa kuwa ya nguvu.

Na kwenye karieri?

Kuko vijana wanauliza kama wanaweza kuvaa kaske ya piloti, ao zile kaske za muziki zenye kuandikwa «réduction de bruit», wakati wa kutoboa ao kwenye konkaseri. Jibu ni hapana, na sababu iko wazi. Wimbi la kinyume linafanya kazi muzuri juu ya mungurumo wa chini ambao haubadilike, sawa vile wa moteri ya ndege. Pigo la mashini ya kutoboa ao la nyundo juu ya chuma ni kali na la gafula. Hapo kinachozuia ni kikombe kigumu na mto wenye kuziba. Kaske ya muziki haikutengenezwa kwa kulinda: haina namba ya ulinzi, na muziki unakukatalia kusikia mwenzako akikuita ao jiwe likianza kupasuka juu yako.

Kinachofaa ni cha bei ndogo kuliko ile. Kwanza, kaske za kulinda masikio za kazi, na nzuri ni zile zinafungwa kwenye kaske ya kichwa ili zisipigane. Pili, vizibo vya eponji. Kwenye karatasi yake tafuta namba ya desibeli: NRR ao SNR. Jua kwamba namba ile ilipimwa mu laboratoire, kwa mutu ametulia. Kwenye kazi, mu jasho na vumbi, hesabu kupata nusu hivi.

Kwa mashini ya kupita desibeli 100, vaa vyote viwili: vizibo ndani, kaske juu. Usijumlishe namba. Ya pili inaongeza tu kati ya desibeli 5 na 10, lakini zile ndizo zinaleta tofauti kati ya dakika na masaa. Kinyume chake, kwa kazi ya makelele kidogo usijizibe sana. Muchimbaji ambaye hasikie sireni iko mu hatari ingine.

Kizibo kinavaliwa hivi. Mikono safi. Zungusha eponji na vidole mpaka iwe nyembamba. Pitisha mukono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shika kwa kidole sekunde 30 mpaka ivimbe. Kama nusu yake inabaki inje, haikuingia. Pamba haisaidie karibu kitu. Hata kipande cha nguo.

Mito ya kaske inakauka juu ya jasho na jua. Ikishapasuka ao kuwa migumu, badilisha. Kaske yenye mito mibovu ni kofia tu. Ifute kila jioni na kitambaa chenye maji kidogo, na usiiache juu ya mashini yenye moto.

Familia inaweza kuona mbele yake mwenyewe

Ugonjwa huu hauumize, na ndiyo hatari yake. Unakamata kwanza sauti za juu: sauti ya mama, ya mutoto, herufi sawa s na f. Mutu anasikia kwamba unasema, lakini hasikie unasema nini. Mama, ukiona baba watoto anapandisha radio kila siku, anajibu kinyume, anakasirika mezani juu ya watu «wanasema chini», usifikiri ni kiburi. Muulize kama masikio yake inalia usiku sawa nyenze. Kama inalia kisha kazi na siku ingine bado inalia, apelekwe kwa munganga apimwe. Seli zenye kufa hazirudi, lakini zile zinabaki zinaweza kulindwa.

Na kwa wale wenye kufanya kazi na patron: Code du travail, loi n° 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamupa mwenye kazi mzigo wa kulinda afya na usalama wa wafanyakazi. Kuomba kaske ya masikio si kuomba zawadi. Na mukienda kuomba, ombeni kuzijaribu kwanza, namba mbili tatu, mukiwa na kaske ya kichwa na lineti zenu. Mumoja iko na kichwa kikubwa, mwingine kidogo. Kaske moja kwa watu wote itaishia kwenye musumari wa ukuta.

Kwa wale wenye kujichimbia, ambao wanaitwa creuseurs, hakuna patron wa kuomba. Lakini kikundi kinaweza kuchanga franka kidogo kidogo na kununua sanduku la vizibo na kaske mbili, tatu, kwa wale wenye kushika mashini. Anayeshika mashini anavaa. Akibadilishana na mwenzake, mwenzake anavaa yake. Vizibo vya eponji haviazimane.