CHENI YA BAISKELI: USAFI KWANZA, MAFUTA BAADAYE

Sisi tunaoishi hapa Wabera, mjini Isiolo, hatuhitaji kuelezwa vumbi ni nini. Shati jeupe la asubuhi huwa limegeuka rangi jioni. Je, cheni ya baiskeli iliyopakwa mafuta itakuwaje?

Swali hilo sikujiuliza mpaka yaliponifika. Mamangu anauza maziwa ya ngamia. Kila alfajiri, kabla ya kuja shuleni, mimi huwapelekea wateja wake kwa baiskeli aliyotuachia babu, ile nzito ya chuma tuiitayo Black Mamba. Cheni ilipoanza kulia kwi! kwi!, niliomba oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya lori, nikaimimina tele. Kelele zikakoma. Nikajiona fundi! Nikawa nafanya hivyo kila wiki, muhula mzima.

Siku moja, mitungi miwili ikiwa kwenye karia, cheni ilikatika njiani. Niliisukuma baiskeli kwa miguu. Kufika mikahawani, nikakuta chai imeshapikwa kwa maziwa ya watu wengine. Mama hakunigombeza. Alihesabu pesa zilizopungua, akanyamaza. Kimya hicho kiliniuma kuliko kiboko.

Mzee fundi alipoishika cheni ile, aliusugua ule weusi kwa vidole viwili. "Kijana," akasema, "hii si oili tena, ni msasa. Umeisaga cheni kwa mkono wako mwenyewe."

Alinieleza hivi. Cheni ina viungo zaidi ya 100. Kila kiungo kina pini, na juu yake kijirola kinachozunguka. Cheni ya namna hii ilibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi mjini Manchester, Uingereza. Msuguano wenyewe hutokea ndani, kati ya pini na tundu lake. Huko ndiko mafuta yanakohitajika. Mafuta ya nje hunasa vumbi tu, kisha mchanga huo huingia ndani na kula chuma. Oili chafu ni mbaya zaidi, kwa sababu imekuja na masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini.

Basi fuata hatua hizi:

1. Geuza baiskeli, matairi yaangalie juu. Pangusa cheni kwa kitambaa kikavu huku ukizungusha pedali kinyumenyume.

2. Chovya mswaki mzee katika mafuta ya taa kidogo, usugue kila kiungo pande zote. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko au sigara. Usiyaache mafuta yafike kwenye rimu, la sivyo breki hazitashika.

3. Pangusa tena mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Iache ikauke kabisa, kwani mafuta ya taa yakibaki ndani yataiyeyusha oili mpya.

4. Tia tone moja moja la oili safi juu ya kila kijirola. Mafuta ya cherehani yanafaa, ila hukauka upesi, kwa hivyo urudie mara kwa mara.

5. Zungusha pedali dakika chache ili oili izame. Kisha pangusa nje yote. Hapa ndipo wengi wetu hukosea! Cheni nzuri ukiigusa haikuachii vidole vyeusi.

Ukifungua kiungo chenye klipu, kumbuka kuirudisha mdomo wake ukiangalia nyuma, kinyume cha mwendo wa cheni. Ukikosea, inaweza kuchomoka.

Utajuaje kwamba cheni imezeeka? Chukua rula yako ya shule yenye inchi 12. Kila kiungo ni nusu inchi, hivyo viungo 24 vinapaswa kuwa inchi 12 kamili, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Pini ya mwisho ikipita alama hiyo kwa sehemu moja ya nane ya inchi, yaani kama milimita 3, cheni imekwisha. Usidhani chuma kimevutika. Ni matundu yaliyopanuka kwa kulika. Ukiendelea nayo, itayala na meno ya gia, na gharama itaongezeka.

Yangu ilikuwa imeipita alama hiyo kwa mbali. Tulinunua mpya, na sasa naisafisha kila Jumamosi, na kila baada ya mvua. Wateja wawili wa Mama wamerudi. Wa tatu hajarudi hadi leo.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kalamu naiweka chini hapa. Nenda ukaiangalie cheni yako.