Je, Wajua? Raha za Mzazi wa Kiwangwa

Je, wajua kuwa nanasi moja ni matunda mengi yaliyoshikana? Kila jicho unalolichokoa kwa ncha ya kisu lilikuwa ua lake peke yake, na maua hayo hufika mia na zaidi. Ukisimama kwenye meza za mananasi pale Kiwangwa, barabara ya Bagamoyo–Msata, mpe mtoto nanasi moja afuate kwa kidole mistari ya macho inayopanda kwa kujipinda. Mara nyingi atahesabu 8 upande mmoja na 13 upande wa pili. Hesabu hiyo ataikumbuka kuliko ya ubaoni.

Je, wajua kuwa nanasi likishakatwa haliongezi utamu? Ganda litapiga njano, nyama italainika, lakini halina akiba ya wanga wa kugeuza sukari kama ndizi. Kwa hiyo lililoivia shambani halina mpinzani. Nusa kitako chake: likinukia, nunua.

Na ule muwasho wa ulimi? Ni bromelaini, kimeng'enya kinachovunjavunja protini. Mama mwenye nyama ngumu ya ng'ombe aipake juisi ya nanasi bichi kwa muda mfupi kabla ya kuitia jikoni. Akiisahau, nyama itarojeka. Moto ukishaingia, kimeng'enya hufa, ndiyo maana nanasi lililopikwa haliwashi.

Kile kichwa cha majani usikitupe. Kipande uani, mwachie mtoto akitunze, naye ajue kwamba atangoja mwaka na nusu au hata zaidi. Asili ya mmea huu ni Amerika Kusini, na una tabia ya ajabu: hufungua matundu ya majani usiku na kuyafunga juani, usipoteze maji.

Je, wajua kwa nini khanga huuzwa doti? Ni vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja na pindo, mji na jina lake. Kimoja mama hujifunga, cha pili huwa mbeleko, shuka, pazia, taulo. Katika vitu vyote anavyonunuliwa mtoto mchanga, sijaona kinachoishinda khanga iliyofuliwa ikalainika. Nyingi za nchini zilitoka kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968.

Mkeka nao hausukwi mzima mzima. Husukwa kwanza ukili, utepe mrefu mwembamba, kisha ukili hushonwa ukingo kwa ukingo hadi upana utakaomtosha baba na wanawe.

Vitabu je? Abunuwasi, yule mjanja wa hekaya, ametokana na mshairi wa kweli wa Baghdad aliyefariki yapata mwaka 814. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, aliingia kitabuni mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale. Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze mwaka 1952, na hicho ndicho ningekisoma kwa sauti usiku, sura moja moja, maana Kiswahili chake humwingia mtoto kabla hajakielewa chote.

Je, wajua kuwa kete za bao zinaweza kuvuka bahari? Ni komwe, mbegu za mkomwe, kichaka cha miiba cha pwani. Ganda lake ni gumu na huelea. Komwe kutoka Karibea zimeokotwa hadi fukwe za Scotland.

Bao lenyewe lina mashimo 32 na kete 64. Wakubwa huanza kwa kunamua, kila mmoja akiwa na kete 22 mkononi. Anayeanza hupewa bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, hakuna ya mkononi. Mtoto wa miaka saba analiweza, na asiachiwe kushinda. Akimfunga baba yake, iwe amemfunga kweli.